Kimbunga Hakikufika, Lakini Kilitufikia

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa safu hii ni walimu na wanafunzi, naomba nianze na jambo lililotukia darasani. Tulikuwa tukizijadili kauli za vitenzi vya Kiswahili, mada ambayo aghalabu huwaletea wanafunzi usingizi, hasa baada ya chakula cha mchana. Ili kuwaamsha, niliandika ubaoni sentensi iliyo katika kauli ya kutendana: "Vimbunga viwili vinakaribiana baharini." Nikawauliza ni nani hapo mtenda na ni nani mtendwa.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa upande wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, akainua mkono. Hakulijibu swali langu, bali aliuliza lake. "Mwalimu, mwaka wa 2019 nilikuwa bado shule ya msingi. Redio ilisema kwamba kimbunga kilichoitwa Idai kilikuwa kikielekea Msumbiji na kwamba hakingetufikia sisi. Mama alimshukuru Mungu, akapanda. Mbegu zilikaa mchangani hadi zikaliwa na mchwa. Je, ni kweli kwamba kimbunga hicho hakikutufikia?"

Wenzake walicheka. Mimi nilikosa la kusema, kwa maana nilitambua kuwa swali hilo halikuwa la sarufi peke yake wala la hali ya hewa peke yake. Nilimwahidi jibu baada ya kusoma na kuuliza wanaojua. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na nimeona si vibaya walimu na wanafunzi wengine walisikie.

Hebu kwanza tukitazame kimbunga. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya pepo kali: tunayo tufani, dhoruba, kimbunga, na hata chamchela, ile ya vumbi izungukayo uwanjani wakati wa kiangazi. Wataalamu wanapotaja kimbunga cha ukanda wa joto wanakusudia mfumo mkubwa wa mawingu na upepo unaozaliwa juu ya bahari ambayo maji yake yana joto la nyuzi 26 au zaidi. Mfumo huo hukizunguka kitovu kilichotulia kiitwacho jicho. Kusini mwa ikweta huzunguka jinsi mishale ya saa izungukavyo. Kaskazini huzunguka kinyume chake. Mzunguko huo hutokana na kuzunguka kwa dunia yenyewe, na msukumo wake hufifia kadiri tunavyoikaribia ikweta. Ndiyo sababu vimbunga havizaliwi juu ya mstari huo, na ni nadra mno kuufikia.

Kaunti za Kitui na Makueni ziko kati ya ikweta na nyuzi tatu kusini mwake, tena mbali na bahari. Hakuna mzee wa huko atakayekusimulia jinsi jicho la kimbunga lilivyopita juu ya boma lake. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki huguswa mara chache. Unguja ilipigwa na kimbunga mnamo Aprili 1872 na mashamba ya mikarafuu yakaangamia. Lindi ilipigwa mnamo Aprili 1952. Na mapema Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikaribia kisiwa cha Mafia kabla ya kufifia. Anayejua Kiswahili atalishangaa jina hilo, maana hidaya ni zawadi.

Hicho ni kimbunga kimoja. Vikiwa viwili katika bahari moja, mambo hubadilika. Aliyelichunguza jambo hili mapema ni mtaalamu wa Kijapani, Sakuhei Fujiwhara, ambaye mnamo 1921 aliandika juu ya tabia ya mizunguko ya maji inapokaribiana. Vimbunga viwili vinavyozunguka upande mmoja vikikaribiana kiasi cha kilomita 1,400 hivi, yaani takriban mara tatu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi, kila kimoja huanza kubebwa na upepo wa mwenzake. Vikiwa na nguvu sawa, vyote viwili huanza kukizunguka kitovu kilicho baina yao, mahali ambapo hakuna kimbunga chochote. Kimoja kikiwa dhaifu, hulizunguka lile kubwa, huchanwachanwa na mara nyingine humezwa. Au baada ya kuzungukana kwa siku chache, huachana, kila kimoja kikashika njia ambayo kisingeishika kama kingekuwa peke yake.

Mifano ipo. Mnamo Oktoba 2009 kimbunga Parma kilikipiga kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Badala ya kwenda zake, kilivutwa na kimbunga Melor kilichokuwa kikipita mashariki yake. Kikarudi na kukikanyaga kisiwa hicho tena, na kisha tena. Waliokuwa wamekwisha kukiaga walikiona kikirejea. Mnamo Aprili 2021 kimbunga Seroja, ambacho tayari kilikuwa kimeua watu wengi nchini Indonesia na Timor-Leste, kilikutana na kingine kidogo kiitwacho Odette baharini kaskazini-magharibi mwa Australia, kikakimeza. Na Januari 2015, katika Bahari ya Hindi yetu hii ingawa mbali kusini, Diamondra na Eunice vilionekana katika picha za setilaiti vikiwa ubavu kwa ubavu.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa karai la maji. Yakorogeni maji mahali pawili kwa upande mmoja, kisha dondosheni majani makavu mawili, moja katika kila mzunguko, mtazame. Hakuna jani litakalobaki mahali pake. Wanafunzi wakiona hivyo wataelewa kwa nini wataalamu, ambao huweza kuikadiria njia ya kimbunga kimoja siku kadhaa kabla, huwa na wasiwasi mkubwa vinapokuwa viwili. Kosa dogo la kukadiria mahali pa kimoja huzaa kosa katika njia ya kingine, nalo hurudi kuliongeza lile la kwanza.

Sasa tulirudie swali langu la ubaoni. Katika kauli ya kutendana hakuna mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Kila mmoja hutenda na hutendwa kwa wakati ule ule. Kiswahili kinacho kiambishi cha jambo hili, -an-, na kila mtoto wa miaka mitatu hukitumia bila kufundishwa. Kwa hivyo jambo ambalo vitabu vya kigeni hulitaja kwa jina la Mjapani, sisi twaweza kulisema kwa neno moja linaloeleweka kijijini: vimbunga huzungukana.

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na tena kwamba wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hizi zinalifaa jambo letu, lakini ya pili inalifaa nusu tu. Nyasi za methali ziko chini ya kwato. Nyasi za Kitui ziko mbali na kwato: kutoka Beira, mji wa Msumbiji ulioangamizwa na Idai, hadi Kitui ni takriban kilomita 2,000. Hata hivyo huumia, na sababu yake ndiyo kiini cha swali la mwanafunzi wangu.

Kimbunga hula unyevu. Ili kiishi ni lazima kivute hewa yenye maji kutoka pande zote, na kinapofanya hivyo hubadilisha mwelekeo wa pepo hata mahali ambapo wingu lake halionekani. Mvua yetu ya masika, ambayo Wakamba huiita mvua ya uua, hutegemea sana hewa yenye unyevu inayoingia bara kutoka Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, yaani magharibi ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, huweza kuuvuta unyevu huo kwake na kutuachia jua kali. Lakini kimbunga kikikaa mashariki ya kisiwa hicho, mara nyingi pepo za Afrika Mashariki hugeuka zikavuma kutoka magharibi, zikileta unyevu wa bonde la Kongo kupitia Uganda, na mvua ikaongezeka.

Tumeyashuhudia yote mawili katika miaka iliyofuatana. Mnamo Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilifuatana katika bahari iliyo upande wa mashariki wa Madagaska, na mwezi huo Kenya ilipata mvua kubwa. Mnamo Machi 2019 Idai kilijikusanyia nguvu katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, kikaipiga Beira usiku wa tarehe 14, na zaidi ya watu 1,000 wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Huku kwetu mawingu yalitoweka. Wataalamu wa hali ya hewa walikitaja kimbunga hicho miongoni mwa mambo yaliyoichelewesha masika. Kisha tarehe 25 Aprili kimbunga kingine, Kenneth, kikaipiga Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji. Idai na Kenneth havikuzungukana, maana vilitenganishwa na majuma sita. Hata hivyo vilikuwa viwili vikubwa katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwa limerekodiwa kabla yake katika nchi hiyo. Mvua ya kuaminika haikuonekana sehemu nyingi za Kenya hadi mwishoni mwa Aprili, ilhali katika Ukambani msimu huo huwa unakaribia kumalizika ifikapo mapema Mei.

Msomaji makini ameshaona mambo haya yanaelekea wapi. Mkulima wa Kitui au Makueni hana haja kubwa ya kujua kama kimbunga kitafika. Hakitafika. Haja yake ni kujua kiko upande gani wa Madagaska na kitakaa huko siku ngapi. Na hapo ndipo kukaribiana kwa vimbunga viwili kunapomhusu. Vikizungukana, vyaweza kuhamishana upande, au kimoja kikamzuia mwenzake asiondoke. Mvua iliyotarajiwa Jumatatu ikawa haipo kwa majuma mawili, na aliyepanda Jumapili akawa amepoteza mbegu.

Tusidanganyane lakini kwamba vimbunga ndivyo pekee vinavyoiamua mvua yetu. Bahari yenyewe ina usemi mkubwa zaidi. Vuli ya mwaka ule ule wa 2019 ilikuja kwa gharika, kwa sababu maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yalikuwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia. Joto hilo ndilo pia linalolisha vimbunga. Katika juma la kwanza la Desemba 2019, Belna na Ambali vilikuwa pamoja kusini mwa ikweta, kimoja karibu na Madagaska na kingine mashariki zaidi, wakati Pawan kikivuka kaskazini mwa ikweta kuelekea Somalia, ambako kilitua tarehe 7. Vimbunga vilivyotenganishwa na ikweta havizungukani, kwa kuwa mizunguko yao ni ya pande mbili tofauti. Lakini tazama mahali ilipo Kitui katika ramani ya juma hilo: katikati, bila kuguswa na hata kimoja, na bila kusalimika na athari ya bahari iliyovizaa.

Tena kuna kukaribiana kwa wakati, si kwa mahali. Mnamo Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Salalah nchini Oman na kuinyeshea jangwa kubwa la Rub' al-Khali. Mnamo Oktoba mwaka huo kimbunga Luban kikaja nyuma yake na kutua Yemen mashariki. Jangwa ambalo lingekauka baada ya mvua ya kwanza likapata ya pili kabla majani hayajanyauka, na nzige wakazaliana humo kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona. Waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, wakati kila kitu kilikuwa kibichi kwa ile vuli ya gharika, na mapema 2020 walikuwa wamefika Kitui. Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70. Kimbunga kimoja hakingetosha kuwaleta. Ilihitaji viwili vikaribiane katika kalenda.

Hapo ndipo mtu wa lugha anapokuwa na la kusema. Vimbunga hupewa majina. Mamlaka za nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Hindi hukaa na kuandaa orodha, na kimbunga kikishapewa jina hupata nafasi katika ramani, katika taarifa ya habari na katika kumbukumbu ya dunia. Ukame ambao kimbunga hicho kimeuacha umbali wa kilomita 2,000 hauna jina katika orodha yoyote. Wakamba wao wamekuwa wakitoa majina upande huu wa pili. Njaa ya mwaka wa 1984 huitwa hadi leo Nikw'a Ngwete, maana yake "nafa nikiwa nimeshika", yaani fedha zilikuwa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo lina maelezo ya uchumi ambayo ripoti nyingi za kurasa mia hazina. Dunia hulipa jina lile linaloharibu kwa kishindo. Mkulima hulipa jina lile linaloua polepole. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha orodha hizi mbili, na kazi hiyo ni ya lugha.

Tutazame basi lugha ya matangazo yetu. Neno la kwanza lenye matatizo ni "wastani". Mtaalamu akisema mvua itakuwa chini ya wastani, anailinganisha jumla ya msimu mzima na jumla za misimu mingi iliyopita. Msikilizaji husikia kwamba mvua itanyesha kidogo kidogo. Kumbe msimu waweza kuwa chini ya wastani na bado ukawa na siku moja ya kuua. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo kame ya Kenya. Katikati ya ukame huo, tarehe 4 Desemba 2021, Mto Enziu karibu na Mwingi uliisomba basi iliyokuwa na wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakazama. Neno "wastani" halikuwa na nafasi ya kuwaonya watu hao.

Neno la pili ni "huenda". "Huenda mvua ikanyesha" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haina kipimo. Humfaa anayetaka kusema bila kuulizwa baadaye. Kiingereza cha wataalamu huja na asilimia. Asilimia hizo zikifika katika tafsiri hupotea zote ndani ya "huenda" moja, iwe ni 35 au 80. Si kwamba Kiswahili kimeshindwa. Kinayo ngazi kamili: haielekei, yamkini, yaelekea, karibu hakika. Kinachokosekana ni makubaliano ya kila neno libebe kiasi gani. Tena wakulima wetu huelewa vizuri sana hesabu ya misimu. Mwambie mama wa Mwingi kwamba katika misimu kumi yenye dalili kama hizi, misimu saba ilichelewa, naye atajua la kufanya na debe lake la mbegu bila kuhitaji kufafanuliwa asilimia.

Neno la tatu ni "utabiri" wenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya kale ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Kwetu limekwisha kuchanganyika na kazi ya manabii na waganguzi, na nabii akikosea mara moja huitwa mwongo. Wataalamu wa hali ya hewa wanalijua hilo, na nadhani ndiyo sababu hupenda kujificha nyuma ya maneno yasiyoshikika. Lakini kufasiri ni kazi ya heshima. Anayefasiri dalili husema amesoma nini, ameona nini na ana shaka wapi. Tukimfundisha mwanafunzi kwamba utabiri ni usomaji wa dalili, hatamcheka mtaalamu mvua inapokosa kufuata ratiba.

Najua nitaambiwa kwamba lugha hainyeshi mvua. Nitaambiwa pia kwamba Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa taarifa za kila kaunti, na kwamba redio za Kikamba huzisoma. Yote hayo ni kweli na ni hatua ya kupongezwa. Wala si haki kumlaumu mtangazaji wa mwaka wa 2019 aliyesema kimbunga hakingetufikia. Alisema alichopewa, na alichopewa kiliandikwa kwa ajili ya watu walio katika njia ya upepo. Ninachodai ni kwamba kuna watu wengine, walio nje ya njia hiyo, ambao taarifa nzima huwapita juu ya vichwa kwa sababu sentensi moja imewaambia kwamba hayawahusu. Mtu akishaambiwa kwamba jambo halimhusu, huzima redio.

Tangazo lingeweza kusomwa hivi: "Kimbunga kipo magharibi ya Madagaska. Hakitapita Kenya. Hata hivyo kinavuta unyevu ambao ungetuletea mvua. Kwa siku saba hadi kumi zijazo mvua yaelekea kukosekana Kitui na Makueni. Ambaye hajapanda angoje. Aliyezoea kupanda kabla ya mvua abakize nusu ya mbegu. Kimbunga cha pili kimeonekana mashariki yake, na vikizungukana tutawaarifu keshokutwa kama hali imebadilika." Maneno hayo hayafiki mia moja. Hayana neno moja gumu. Yanamweleza mkulima sababu, muda, la kufanya, na siku ya kusikiliza tena. Yakisomwa kwa Kikamba yatakuwa mafupi zaidi.

Tofauti yake si ndogo. Katika nyanda hizi mkulima hupanda ndengu, mbaazi, kunde na mtama, na vuli, ile ambayo Wakamba huiita mvua ya nthwa, ndiyo humpa mavuno ya kutegemewa. Masika ni nyongeza ambayo huamua kama mtoto atalipiwa karo au atarudishwa nyumbani. Mbegu ikipotea Machi, fedha ya kununua nyingine lazima itoke mahali, na mara nyingi hutoka kwa mbuzi. Mbuzi wa Machi aliyeuzwa kwa sababu ya sentensi isiyokamilika hasomwi katika hesabu ya hasara za kimbunga chochote.

Serikali ina wajibu hapa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi ambayo taarifa za kuokoa mazao huandikwa kwanza kwa nyingine, kisha zikatafsiriwa haraka haraka, ni rasmi kwa jina. Vyuo vikuu navyo, nikiwamo mimi, tumetumia miaka mingi kubishana juu ya istilahi za isimu huku istilahi za mvua zikikosa mwenyewe. Walimu wa shule za Kitui na Makueni wanaweza kuanza bila kutusubiri: karai la maji, kopo la kupimia mvua uwanjani, ramani ya Bahari ya Hindi ukutani, na nusu saa kila juma ya kuigeuza taarifa ya hali ya hewa iwe Kiswahili ambacho mzazi atakielewa. Kazi hiyo ni sayansi, ni jiografia na ni insha kwa pamoja.

Nalirudia swali la mwanafunzi wangu, na nitamjibu kwa sarufi kwa kuwa ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Kufika na kufikia si kitenzi kimoja. Kufika ni kuwasili mahali. Kufikia kumeongezwa kiambishi cha kutendea, na katika kauli hiyo kitendo humwangukia mtu hata kama mtenda yuko mbali. Twasema "habari zimenifikia" ilhali aliyezituma hajaondoka kwake. Kwa hivyo redio ile ingesema "kimbunga hakitafika Kenya", ingekuwa imesema kweli. Iliposema hakitatufikia, ilikosea kwa silabi moja, na silabi hiyo moja ndiyo iliyozila mbegu za mama yako pamoja na mchwa.